Pua ya Mzee Jovitus

Mzee Jovitus alikuwa na pua iliyokwenda kushoto wakati uso wenyewe unakwenda mbele. Ukikutana naye kwenye vichochoro vya soko la Shahe, huko Guangzhou, China, katikati ya marobota ya suruali, ulidhani anakupisha upande huu, kumbe anakuja upande huo huo, mnagongana vifua. Wachina wenye maduka walimpenda kwa ajili ya pua hiyo. Walimwita laoban, yaani bosi, kama walivyomwita kila mnunuzi aliyeingia na mkoba begani, lakini yeye walimwongezea kiti cha plastiki na chai, kisha wakajigusa pua zao kumwomba aonyeshe ilivyovunjika. Naye hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili. Aliinama, akaweka vidole viwili kichwani vikawa pembe, akakoroma, akalivamia rundo la suruali. Suruali zikamwagika, msichana wa duka akapiga yowe, na Mzee Jovitus akainuka polepole kutoka chini, akawa sasa si nyati tena bali kijana, askari wa wanyamapori, bunduki begani. "Puu!" Nyati akafa. Bei ikashuka kidogo.

Nyati huyo alikuwa na afya ya ajabu kwa mnyama aliyekwisha kufa. Kila mwaka alikua. Jovitus alipoanza safari za Guangzhou, kununua mabuti na makoti ya mvua ya kuuza kwao Bukoba, nyati alikuwa na pembe za kawaida. Safari ya tano, pembe zilikuwa hazipiti mlangoni. Kufikia mwaka 2009 nyati alibeba kwenye pembe moja kiota cha korongo pamoja na mayai, na alipokoroma, mahindi ya shamba zima yalilala chini, yakaamka jioni. Huyo ndiye aliyempiga Jovitus kwato ya pua, na huyo ndiye ambaye Jovitus alimwangusha akiwa amesimama wima, damu inamtiririka, kwa ile bunduki kubwa kuliko zote, nne-tano-nane.

Hayo yalikuwa maneno yake. Pua ilikuwa na maneno mengine, lakini pua haisemi.

Mwaka huo haukuwa mzuri kwa wageni. Tangu mwaka wa Olimpiki ya Beijing vibali vilikuwa vigumu, na neno lililosikika kwenye kila dirisha la ofisi lilikuwa meiyou, hakuna. Hakuna muda wa kuongeza, hakuna muhuri, hakuna chumba kwa mtu ambaye muhuri wake umekwisha. Polisi walisimama chini ya majengo wakidai pasipoti, na watu wazima na heshima zao walijifunza milango ya nyuma ya hoteli, ile ya kutolea takataka. Muhuri wa Mzee Jovitus ulikuwa umekwisha tangu Juni. Alisema anangoja kiwanda kimalizie mabuti yake. Mabuti yalikuwa yamekwisha zamani, yako tayari kwenye maboksi. Ila alishawaambia watu wa Bukoba kwamba safari hii atarudi na kontena zima, na alichokuwa nacho ni marobota matatu. Basi akakaa. Afadhali kujificha China kuliko kutazamwa Bukoba.

Mchana alikula kwa Sesilia, mwanamke wa Musoma aliyepika ugali na samaki kwenye chumba cha ghorofa ya kumi na moja, jengo lenye lifti inayofanya kazi kwa hiari yake. Njiwa waliokuwa wakiruka kwenda dirishani kwa Sesilia walipumzika ghorofa ya tano, ndipo wakaendelea. Ukifika juu huna pumzi ya kubishana bei ya chakula, na Sesilia alilijua hilo.

Hapo ndipo, Alhamisi moja ya mwezi wa nane, alipoingia Mwikali, mfanyabiashara wa nguo kutoka Nairobi, akimvuta mwanamume mfupi, mwembamba, mwenye miwani.

"Mzee Jovitus, huyu ni ndugu yangu Kioko. Ndugu wa pekee, tulizaliwa wawili tu. Anaishi Alaska, anafanya kazi kiwanda cha samaki. Amekuja kunisaidia kubeba. Nimemwambia wewe ndiye dawa yake."

"Anaumwa nini?"

"Anataka kuuawa na wanyama."

Watu walicheka, Kioko naye akacheka kidogo, akaketi. Akaeleza taratibu kwamba kule Alaska mwezi ujao unafunguliwa msimu wa kuwinda musi, na rafiki yake wa kiwandani amemwalika waende pamoja.

"Musi ndiyo nini?" akauliza Goodness, mwanamke wa Moshi aliyenunua simu za kuuza Dar es Salaam. Goodness alikuwa mtu wa kuuliza. Habari ikiingia sikio lake la kulia, mdomo umeshaanza kuitoa kabla haijafika sikio la kushoto.

"Ni kama kulungu, mama. Lakini kulungu aliyefungiwa ghalani na mahindi akayamaliza yote. Mrefu kuliko farasi. Pembe zake ni kama makarai mawili ya zege."

"Na hao wanyama wa kukuua?"

"Dubu. Kule dubu wako kila mahali. Wewe unamwinda musi, dubu naye anakungoja umalize kumchuna. Wanasema akisikia mlio wa bunduki anajua chakula kimeiva."

"Kwa hiyo wewe ni mpishi wake."

"Ndiyo hivyo."

"Basi nenda na chumvi."

Walipomaliza kucheka Kioko alimgeukia Mzee Jovitus. "Mzee wangu, shida yangu ni risasi. Rafiki yangu ana bunduki tatu. Ameniambia nichague moja, ninunue risasi zake. Ninatua Jumapili, anakuja kunichukua, na duka liko njiani kutoka uwanja wa ndege. Nimesoma hadi macho yakauma. Huyu anasema hii, yule anasema ile. Wewe umesimama mbele ya nyati. Niambie."

Mwikali alifungua mkoba. Walikuwa wametoka kununua vitu vya duka kule mtaa wa Yide Lu, akatoa vitatu akavisimamisha mezani katikati ya sahani kama risasi tatu: kalamu ya wino, rangi ya mdomo, na maka peni nene ya kuandikia marobota.

"Kalamu ni sifuri-sita," Kioko akasema. "Hii nimeizoea, miaka miwili napiga nayo shabaha. Rangi ya mdomo ni tatu-tatu-nane. Na hii nene ni nne-tano-nane. Hiyo sijawahi kuigusa."

Mzee Jovitus alivitazama vile vitu vitatu vimesimama mezani, akarudisha tonge la ugali sahanini. Kwa sababu aliwahi kusimama mbele ya meza kama ile. Watu walikuwa wanamtazama vilevile. Jibu alikuwa nalo mdomoni, jibu la kweli, lenye maneno machache: chukua uliyoizoea. Lakini chumba kizima kilikuwa kimenyamaza. Sesilia mwenyewe alikuwa amesimama na mwiko hewani. Goodness ameshika kidevu. Jovitus akaona macho yale yote, akashika kalamu ya wino kwa ncha za vidole kama anayemshika mende.

"Mwanamume mzima," akasema, "anakwenda kwa dubu na kalamu? Anakwenda kumwandikia barua?"

Chumba kilipasuka. Goodness alipiga meza hadi rangi ya mdomo ikaanguka. "Mpe kubwa! Mpe kubwa!" Hata waliokuwa wanakula kwenye korido, wasiojua kinachozungumzwa, wakaitikia kwamba apewe kubwa. Kioko aliona haya, akachukua ile maka peni, akajiandikia kwenye kiganja tarakimu tatu: 458.

Haya, hapo ungesema ni kelele za watu. Mtu akizungukwa na vicheko hujisahau. Lakini waliposhuka ngazi, Mwikali ametangulia, Kioko alimshika mzee mkono kwenye ghorofa ya saba. Hapakuwa na mtu.

"Mzee, nikuambie kitu sikutaka wasikie. Ile ya kati, tatu-tatu-nane, niliwahi kuijaribu mara moja. Nilifumba macho kabla haijalia. Na ilivyorudi nyuma, gumba langu lenyewe likanigonga pua, nikatoka damu. Niliona aibu sana." Alicheka, akimtazama mzee usoni. "Hiyo kubwa si itakuwa mbaya zaidi? Ama mtu huzoea? Wewe ilikutokea?"

Mzee Jovitus alijigusa pua yake. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Mimi?" akasema. "Mimi alinivunja nyati."

Akashuka ngazi zilizobaki haraka, kama anayefukuzwa.

Ukweli ulikuwa huu, na miaka ishirini na miwili alikuwa ameukalia kama mtu aliyekalia mwiba mbele ya wageni. Mwaka 1987, nyati aliharibu mashamba ya kijiji kimoja kando ya pori, na Jovitus akatumwa pamoja na Thomas, mfuata nyayo, kijana wa kijijini palepale. Ghalani, Mikaeli mtunza silaha aliwawekea bunduki mbili mezani. Moja ni tatu-saba-tano, ambayo Jovitus aliijua kama kijiko chake. Nyingine ni nne-tano-nane, mpya, ambayo alikuwa ameipiga mara moja tu maisha yake yote, kwa sababu risasi zilikuwa chache na hazitolewi kwa mchezo. Kwa siku hiyo moja bega lilimuuma wiki tatu. "Chukua ndogo," Mikaeli alimwambia, "hii unaielewa." Lakini nje wanakijiji walikuwa wamejaa mlangoni, wanawake wamebeba watoto ili waone. Jovitus alichukua kubwa. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nyati alikuwa ametulia, amewapa ubavu, hatua arobaini, mnyama wa kupigwa na yeyote. Jovitus alilenga, akakumbuka bega, akafumba macho, akavuta. Bunduki iliruka, gumba lake likaivunja pua yake. Risasi iliingia tumboni, pale pasipoua mnyama bali humkasirisha. Nyati akazama kichakani, kisha akatoka upande aliokuwa Thomas. Kuhusu Jovitus kusimama wima, alisimama kweli, juu ya mti. Alikutwa huko na watu waliokuja kumbeba Thomas mguu wake ukining'inia. Nyati walimkuta amekufa kesho yake mtoni.

Walipomuuliza, Jovitus alisema risasi ilikuwa mbovu, baruti imelowa ghalani. Mikaeli aliondolewa kazini. Jovitus akapewa pole kwa pua yake, na mtu mmoja akauliza: ni kwato? Jovitus hakusema ndiyo. Wala hakusema hapana. Ndiyo ilikuja baadaye, na pembe zikafuata.

Ijumaa asubuhi alimpigia Kioko simu. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri, ameyarudia mbele ya kioo cha choo. Kioko alipokea kwa furaha. "Mzee wangu! Ngoja nikuweke kwa spika, Mwikali naye akusikie. Haya, sema."

"Nilitaka kukuambia," Mzee Jovitus akasema, "uvae soksi nzito."

"Soksi?"

"Mbili mbili. Miguu ikipata baridi, mkono unatetemeka."

"Umesikia, Mwikali? Hayo huwezi kuyapata vitabuni. Asante, mzee. Jana nilikuwa na hofu. Sasa nalala kama mtoto."

Alikata simu akaketi kitandani. Alijitukana kwa Kihaya, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa yale maneno machache ya Kichina ambayo hakuna mwalimu anayeyafundisha. Hayakusaidia. Aliwaza vile atakavyoambiwa siku moja, katikati ya soko, kwamba yule kijana mwembamba wa Mwikali alifumba macho mbele ya dubu.

Jumamosi alikwenda Shahe kumtafuta Mwikali, kwa sababu alifikiri kumwambia dada ni rahisi kuliko kumwambia mwenyewe. Alipita vichochoro vya nyuma, maana polisi walikuwa wanakagua mlango mkubwa. Mara mbili alijibanza nyuma ya marobota, tumbo ndani, pua nje. Alimkuta Mwikali amekaa juu ya mzigo wake anafunga kamba.

"Mama, ndugu yako yuko wapi? Simu yake nipigie."

"Simu yenyewe hii hapa, ameniachia laini. Ametoka na basi la uwanja wa ndege, saa hii atakuwa anafika. Ndege ni saa tisa."

"Mwambie achukue ile ndogo. Ile kalamu. Mwandikie barua pepe."

Mwikali alicheka. "Wewe mzee! Alisema utamwonea huruma dakika ya mwisho, kwa vile ni mdogo wa mwili. Ameapa hatachukua nyingine. Kwanza nimefurahi. Mimi nilikuwa siwezi kula. Nikasema, kama Mzee Jovitus ameidhinisha, basi ndugu yangu atarudi salama." Akaacha kamba, akamtazama. "Ama kuna kitu?"

Mzee Jovitus alifungua mdomo. Pale pale duka la pili, yule msichana wa suruali alimwona, akajigusa pua akicheka, akimwomba nyati.

Mzee Jovitus aligeuka akaondoka, na safari hii alipita mlango mkubwa, kwa sababu ndio ulio karibu na kituo cha basi. Polisi walikuwa wamemshika kijana mmoja wa Kikongo wanasoma pasipoti yake. Mzee akapita kama upepo wa mwezi wa sita, akapanda basi la uwanja wa ndege wa Baiyun, mtu asiye na muhuri, anakwenda kwa miguu yake mahali penye polisi wengi kuliko abiria.

Kwenye ukumbi wa kuondokea waliweka meza. Polisi wawili, kijana na mwenzake wa makamo, walikuwa wanakagua pasipoti za weusi kabla hawajaingia kwenye mistari. Ng'ambo ya meza, mbali kama kutoka goli hadi goli, Mzee Jovitus alimwona Kioko na begi lake, watu wanne tu mbele yake. Mstari wa jirani ulikuwa wa ndege ya kwenda nyumbani, umejaa Watanzania na maboksi yao, na mbele kabisa, akiwa amekalia boksi la simu, alikuwa Goodness.

Angeweza kurudi. Meza ilikuwa kizuizi halali kabisa. Angesema alijaribu.

"Kioko!" akaita. Ukumbi ni mkubwa, Kioko hakusikia. Goodness akasikia, akapunga mkono. Watu watatu mbele ya Kioko.

Basi Mzee Jovitus akavuta pumzi yote iliyobaki kutoka ngazi za Sesilia, akapiga kelele ambayo nyati wake angeionea wivu.

"Kioko! Nilifumba macho!"

Ukumbi wote uligeuka. Polisi wa makamo akasimama.

"Pua hii si nyati! Ni gumba langu! Nilifumba macho kama wewe, risasi ikaenda tumboni! Hiyo kubwa usiichukue!"

Kioko alitoka kwenye mstari akaja anavuta begi. Alifika wakati polisi wamekwisha kushika pasipoti ya mzee, kijana anafunua kurasa mbele na nyuma akitafuta muhuri unaoishi. Mzee Jovitus hakuwatazama. Alisema haraka, mikono yake imeshikwa, maneno yakikanyagana.

"Chukua sifuri-sita. Ile unayoipiga macho wazi. Ila kichwa cha risasi kiwe kizito, kile kigumu kisichopasuka juu juu, kiende hadi ndani kivunje mfupa. Ngoja musi akupe ubavu. Nyuma ya mguu wa mbele, usiwe na haraka. Asipokupa ubavu mwache aende. Na mkimchuna, mmoja achune, mmoja asimame na bunduki atazame nyuma. Nyama msiiweke karibu na hema. Basi. Hayo mengine yote niliyosema ni uongo."

"Soksi pia?" Goodness akauliza kutoka kwenye boksi lake. Alikuwa ameshasikia habari za soksi, msiniulize alizipata wapi.

Hakuna aliyecheka. Angetamani wacheke. Watu wa Bukoba na Mwanza walikuwa wanamtazama kimya, kama watu wanavyomtazama mzee aliyeanguka barabarani nguo ikafunuka.

Kioko alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimtazama kama mnunuzi anavyomtazama muuza duka aliyemwonyesha sampuli moja akamfungia mzigo mwingine.

"Pale ngazini," akasema, "tulikuwa wawili tu. Nilikuambia langu. Kwa nini hukuniambia lako?"

Mzee alitazama begi lake.

"Nani aliumia?"

"Thomas. Mfuata nyayo wangu. Mguu."

"Na umemwambia?"

"Bado."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Bado," Kioko akarudia, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Hakumpa mkono. Akarudi kwenye mstari wake, na waliokuwa nyuma yake wakamwachia nafasi.

Polisi walimchukua Mzee Jovitus kwa adabu tu, kijana akimshika kiwiko ili asijikwae. Alikaa nao siku kumi na moja, akala wali mwingi, kisha akapandishwa ndege ya kurudi. Mabuti yake Sesilia alimtumia baadaye. Yeye mwenyewe alifika Bukoba na mfuko mmoja wa plastiki, lakini hakufika wa kwanza, kwa kuwa habari za Goodness zilikuwa zimemtangulia siku kumi na moja. Sokoni walikuwa wanajua. Kanisani walikuwa wanajua. Watoto waliokuwa wakimkimbilia kuomba nyati sasa walimwamkia vizuri sana, shikamoo babu, wakapita. Aliacha kutoka mchana. Kwa Thomas hakwenda. Alijisemea moyoni kwamba kwa kuwa habari imekwishafika kila mahali, itakuwa imefika na huko, sasa aende kufanya nini?

Mwisho wa mwezi wa tisa simu yake ilipata ujumbe kutoka kwa Mwikali. Ulikuwa mrefu, umekuja vipande vitatu. Kioko alikwenda na sifuri-sita. Musi alimpa ubavu hatua themanini, Kioko akampiga mara moja, musi akaenda mwendo mfupi akalala. Wakiwa wanachuna, rafiki kainama, Kioko kasimama, dubu alitoka kwenye miti akasimama kwa miguu miwili, mrefu kama mlango wa gereji. Kioko alimlenga macho wazi. Walitazamana muda wa kusali Baba Yetu mara tatu. Kisha dubu akashuka akaenda zake, wala Kioko hakufyatua. Kipande cha tatu kilikuwa na maneno machache tu: "Anasema nikuulize. Bado?"

Mzee Jovitus alipanda basi la asubuhi.

Thomas alikuwa amekaa uani anachambua kahawa kwenye ungo, gongo lake la kutembelea limelala pembeni. Alikuwa ameota mvi. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi puani, akasogeza kigoda kwa lile gongo.

"Karibu, Jovitus. Nasikia siku hizi unapiga kelele viwanja vya ndege."

"Umesikia."

"Bukoba nzima imesikia. Mimi ndiye sikuhitaji kusikia." Alitupa kahawa mbovu pembeni. "Nilikuwa hatua kumi mbele yako. Bunduki ililia, nikageuka kukutazama. Nyati alikuwa amezama kichakani, bado hajatoka, na wewe tayari unavuja damu puani. Sasa nani alikuwa amekupiga? Upepo?"

Mzee Jovitus aliinamisha kichwa. "Ulijua siku zote."

"Siku zote."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila Jumapili, nikavaa hata shati safi. Halafu kahawa zikaanza kuzaa, nikawa na shughuli." Akatikisa ungo. "Mimi nilikuwa na kahawa. Mikaeli hakuwa nazo. Alikufa bado wanamwita mtu wa risasi mbovu."

"Thomas, nisamehe."

"Mimi usianze na mimi."

Akaita kwa sauti kuelekea ng'ambo ya migomba, na baada ya muda akaja mama mmoja mnene, amejifunga kanga kiunoni, anakausha mikono. Alikuwa Melania, mjane wa Mikaeli. Alimtambua mgeni mara moja, kwani pua kama ile haikosewi. Hakumsalimu. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaweka mikono magotini.

"Haya," Thomas akasema. "Mweleze. Tangu mezani, bunduki mbili zilipowekwa. Na nyati awe wa ukubwa wake."

Mzee Jovitus alitazama ungo wa kahawa, akatazama gongo, kisha akamtazama yule mama, kwa mara ya kwanza, machoni.

"Alikuwa jike," akaanza. "Mzee, amekonda. Pembe moja ilikuwa imevunjika."